Dada yangu kasaini fomu ya upasuaji bila kujua anatolewa kizazi. Nimemshusha kitandani, je nimekosea?

#1 BintiKitunda

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Dada yangu mkubwa ana miaka 41, ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Ana watoto wawili wa ndoa ya kwanza. Sasa ameolewa tena na shemeji yetu, dereva wa malori ya Tunduma, ambaye hajabahatika kupata mtoto. Kwa miaka mitatu hivi dada anateseka na hedhi. Wengine siku nne tano wamemaliza, yeye siku tisa mpaka kumi na mbili, damu inatoka na mabonge. Anafundisha amejifunga sweta kiunoni hata jua la saa nane. Mwezi uliopita akaanguka darasani. Kupimwa, wingi wa damu 6 wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Akaongezewa chupa mbili. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, mkubwa una sentimita 9 na vidogo kadhaa. Akaambiwa, "Mama una uvimbe, tutakufanyia upasuaji, rudi Alhamisi ya wiki ya tatu." Basi. Hayo ndiyo maelezo yote aliyopewa.

Nikasafiri kwenda kumsindikiza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kashavalishwa gauni la kijani, nesi kashika ubao wenye fomu. "Saini hapa, na hapa, ndugu naye asaini huku." Fomu yote Kiingereza. Dada akasaini kama anavyosaini daftari la mahudhurio. Ilipofika zamu yangu nikaanza kusoma, nikakutana na neno refu linaloishia na "ektomi". Nikaingia kwenye simu. Maana yake ni kutoa kizazi chote.

Nikamwuliza, "Dada, wamekwambia wanatoa nini?"
"Uvimbe."
"Na kizazi?"
Akanitazama. "Kizazi cha nani?"

Nikagoma kusaini. Akaja daktari kijana kachukia, akaniuliza kama mgonjwa ni mimi, akasema siku hiyo kwenye ratiba wako watu saba. Nikamwambia dada shuka. Akashuka, tukaondoka na kanula (kile kimrija cha dripu) iko mkononi, tukaja kuitolea duka la dawa.

Sasa moto umewaka. Shemeji kanipigia kunishukuru, anasema Mungu kanituma maana yeye anataka mtoto. Mama anasema asipelekwe hospitali tena, kuna mzee Kilosa ana dawa. Yule daktari alisema akiendelea kumwaga damu na kufa, mimi ndiye nitajibu. Siku ya pili leo sijalala. Nimekosea?

#2 MzeeWaGahawa

Naweka kambi hapa, ngoja wajuzi waje.

#3 Kombamwiko

Umekosea tena sana. Daktari kasoma miaka mitano, akafanya mazoezi mwaka mmoja, kama ni bingwa ongeza mitatu. Wewe umesoma dakika mbili kwenye simu tena bando la kuunga. Ukipeleka gari kwa fundi huwa unamwuliza anafungua nati ipi? Mkiruhusiwa kila mtu aulize maswali, foleni itafika Chalinze.

#4 TibaAsilia_OG

Dada pole. Uvimbe unayeyuka bila kisu ndani ya siku 21, chupa 3 tu na mgonjwa anatoa mwenyewe chooni. Nicheki PM.

#5 MamaPacha

TibaAsilia, nilikuwa mteja wa wenzako. Laki na nusu, chupa tatu, nikaharisha wiki nzima uvimbe haukutikisika. Nilipoenda hospitali damu ilikuwa 5. Ondoka kwenye uzi wa watu.

BintiKitunda pole mdogo wangu. Mimi nilitolewa vimbe 11 mwaka 2019, kizazi kikabaki. Nilikuwa na miaka 32, sina mtoto. Daktari wangu alinikalisha akaniambia: tutakwangua vimbe tukiacha kizazi, lakini upasuaji huu unamwaga damu, na damu ikikataa kukata itabidi nitoe kizazi ili usife, unakubali? Nililia ofisini kwake. Akaniachia tishu, akatoka nje kidogo, akarudi. Halafu nikasaini nikijua ninachosaini. Akaniambia pia vinaweza kuota tena, na nikipata mimba huenda nikajifungua kwa operesheni. Yote mawili yametokea. Pacha wangu walitoka kwa kisu, na mwaka jana nimeonekana nina viwili vidogo. Sijamlaumu mtu.

#6 DkBilaKoti

Nimesoma nikiwa zamu, naandika vipande vipande.

BintiKitunda, kuahirisha upasuaji usio wa dharura si kosa. Dada yako aliingia hospitali kwa miguu yake, alishaongezewa damu, tarehe ilipangwa wiki tatu kabla. Angekuwa anavuja damu palepale presha inashuka, ningekuwa upande wa yule kijana, hapo unaokoa kwanza. Kosa lako mtalipata kama ataishia nyumbani. Damu 6 iliongezwa, uvimbe uko palepale, hedhi mbili zijazo atarudi alikokuwa. Kwa hiyo wiki hii aonane na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, hospitali hiyo au nyingine, na aanze vidonge vya madini ya chuma leo.

Sasa niseme ambacho alitakiwa aambiwe kliniki, si mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Uvimbe huu tunaita faibroidi. Ni wa kawaida mno. Kuna utafiti wa Washington uliotoka mwaka 2003, waliwapiga ultrasaundi wanawake, wakakuta kufikia miaka 50 zaidi ya 80 kati ya 100 wa weusi wanao, na weupe karibu 70. Wengi hawajui kama wanao. Kuwa saratani ni nadra sana, chini ya mmoja kati ya mia. Nalisema hili kwa sababu wapo wenzangu wanaomwambia mgonjwa "unaweza kugeuka saratani" na kunyamaza hapo, basi mtu anasaini chochote. Hedhi ikikoma kabisa uvimbe huu husinyaa wenyewe.

Kwa hiyo mwenye uvimbe usiomsumbua anaweza kuachwa na kufuatiliwa tu. Anayetokwa damu nyingi ana dawa za kupunguza damu siku za hedhi, ana kitanzi chenye homoni (kikikaa, maana uvimbe ukiharibu umbo la ndani kitanzi hutoka), na zipo sindano zinazousinyaza kwa muda, mara nyingi tunazitumia kabla ya upasuaji. Kuna kuziba mishipa inayolisha uvimbe kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa. Hiyo iko hospitali chache, Muhimbili ikiwemo, na anayetaka kuzaa kwa kawaida hatumwanzishii hiyo. Halafu ndiyo visu viwili: kutoa vimbe ukaacha kizazi, alivyofanyiwa MamaPacha, au kutoa kizazi chote.

Kutoa vimbe: unaweza kuzaa, lakini unavuja damu zaidi mezani na vinaweza kuota upya. Kutoa kizazi: hedhi imekwisha, uvimbe hauwezi kurudi, na kuzaa ndiyo basi. Hapa watu huchanganya sana. Kutoa kizazi si kutoa mayai, yaani ovari, vile vifuko viwili vya mayai pembeni ya kizazi. Mayai yakibaki, homoni zinaendelea, mwanamke hazeeki ghafla wala "hawi wa baridi" kama vijiweni mnavyosema. Mayai nayo yakitolewa kabla ya wakati wake, siku ya pili tu anaweza kuanza kutokwa jasho la ukomo wa hedhi. Kwa hiyo swali la mayai ni swali lake peke yake, liulizwe kwa jina.

Kombamwiko, ule mfano wa fundi ni mzuri, tumia mpaka mwisho. Fundi akikuta injini imekufa hafungui tu akaweka nyingine. Anakupigia simu: boss, ya mtumba hivi, kufanya overhoo hivi, au uza gari. Hakuulizi nati, anakuuliza gari ni la biashara au la kwenda harusini. Mimi najua uvimbe. Maisha ya huyo mwalimu siyajui, nisipomwuliza nitayajulia wapi?

Ila foleni unasema kweli. Kliniki yangu ya Jumanne naona wagonjwa zaidi ya 50. Hesabu mwenyewe dakika.

#7 Kombamwiko

Sawa daktari, lakini ukimpa mama wa kijijini njia sita si unamchanganya? Atakwambia "wewe daktari ndiye unajua". Mimi baba yangu ndivyo alivyo.

#8 MswahiliWaLeeds

Kombamwiko hilo lako lilibishaniwa huku Uingereza mpaka mahakama ya juu kabisa. Sisi manesi tunafundishwa kesi hiyo.

Kulikuwa na mama mmoja wa Uskoti, Nadine Montgomery. Mwili mdogo, ana kisukari, na watoto wa mama mwenye kisukari huwa wakubwa. Kwa mama kama yeye uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua ulikuwa kama 9 au 10 kati ya 100. Daktari wake alilijua hilo, hakumwambia. Alijieleza mwenyewe kwamba angekuwa anawaambia, kina mama wote wangechagua operesheni. Mwaka 1999 mtoto akakwama, akakosa hewa, akazaliwa na ulemavu wa ubongo. Kesi ilizunguka, akashindwa ngazi za chini, mpaka Machi 2015 Mahakama ya Juu ikampa haki, fidia pauni milioni 5.25.

Kabla ya hapo kipimo kilikuwa: je, madaktari wenzake wangenyamaza kama yeye? Wakisema ndiyo, umepona. Sasa kipimo ni kwamba mtu aliyekaa kwenye nafasi ya huyu mgonjwa angelijali jambo hilo? Angelijali, mwambie. Na mahakama ikasema kummwagia mgonjwa maneno ya kitaalamu asiyoyaelewa halafu ukadai saini hakuhesabiki kama umemwambia.

Huku fomu tunazo Kiingereza na wagonjwa tunao Wasomali, Wapolandi, Wakongo. Mkalimani anaitwa, hata kwa simu. Mtoto wa mgonjwa kutafsiri haturuhusiwi kumtegemea, maana mtoto humficha mama habari mbaya. Nimemwona kijana mmoja wa Kikongo, daktari anazungumza dakika tano, yeye anamgeukia baba yake: "Anasema utapona." Ndiyo tafsiri hiyo.

#9 WakiliNjaa

Nisiwape ushauri wa kisheria wa bure, njaa kali. Ila mtu anayesema saini ni saini asome kesi ya Namibia. Kina mama watatu wenye VVU walifungwa uzazi hospitali za serikali wakati wa operesheni ya kujifungua. Serikali ikaleta fomu, saini zipo. Kumbe walisainishwa uchungu umewakamata au wanapelekwa chumba cha upasuaji, na kwenye karatasi utaratibu umeandikwa kwa herufi tatu za kifupi ambazo hawakuzijua. Mahakama ya Juu ilisema Novemba 2014 kwamba hiyo si ridhaa. Jambo la kwamba walifanyiwa hivyo sababu ya VVU halikuthibitika, walishinda kwenye ridhaa peke yake.

Hapa kwetu Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumpima mtu bila ridhaa yake, ukiacha mazingira machache iliyoyataja. Na wenye malalamiko kuhusu daktari lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, kuhusu nesi lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukianzia kwa mganga mfawidhi wa hospitali mengi yanaisha hapo hapo.

Halafu BintiKitunda, saini yako wewe ilikuwa ya shahidi. Mtu mzima mwenye akili timamu anajisainia mwenyewe. Hata shemeji hana mamlaka hayo, apende asipende.

#10 NyaliBoy

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya hii kitu imeandikwa kabisa kwenye Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8. Mhudumu anafaa akuambie hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na kwamba una haki ya kukataa na ukikataa itakuwaje. Tena inasema kwa lugha unayoielewa, na waangalie kiwango chako cha kusoma. Gharama imetajwa hapo, msiipite haraka. Mamangu aliambiwa apasuliwe goti, tukaelezwa vizuri sana kila kitu ila bei. Bei tukaijua tukiwa tushalazwa.

Kuandikwa ni kitu kingine na kufanywa ni kingine, msije mkafikiri huku ni peponi.

#11 BibiNesi

Nimesoma uzi wote tangu jana. Mimi nimestaafu, miaka 34 wodini, mingi wodi ya wanawake.

Mwanangu BintiKitunda, nikuulize. Umetuandikia shemeji anataka nini. Umetuandikia mama anataka nini, daktari kasema nini, wewe ulifanya nini. Dada yako anasemaje? Nimerudia kusoma mara mbili. Maneno yake ni mawili tu, "uvimbe" na "kizazi cha nani". Ukamwambia shuka, akashuka. Aliambiwa saini, akasaini. Unaona tofauti?

Usichukie. Ulifanya vizuri kusoma ile fomu, kati ya ndugu mia ninaowakumbuka waliosoma hawafiki watano. Lakini umemtoa mkononi mwa daktari ukamweka mkononi mwako, na shemeji na mama wanamvuta huku na huku.

Kuhusu hili la "wewe daktari ndiye unajua". Mgonjwa wa kwetu akisema "ndiyo daktari", anaitikia shikamoo, hajasema ameelewa. Nilichokuwa nafanya, daktari akishaondoka kwenye raundi narudi kitandani, nakaa, namwambia: mama, nyumbani wakikuuliza kesho unafanyiwa nini, utawaambiaje? Hapo ndipo mambo yanatoka. Mmoja aliniambia, "Wanaosha tumbo." Alikuwa anatolewa titi.

Kliniki mwende hivi. Maswali muyaandike usiku, maana mbele ya koti jeupe yanapotea yote. Ugonjwa wangu unaitwaje, kwa Kiswahili. Mnataka kutoa nini hasa na mnaacha nini. Kuna njia gani nyingine, hata kama hapa hamna. Nikisubiri miezi mitatu itakuwaje, na nikisubiri mwaka. Hili la kusubiri ndilo watu hawaulizi, na ndilo lina majibu mengi kuliko yote. Akikwambia "kuna hatari kidogo", mwambie kidogo ni wangapi kati ya mia, maana kidogo ya daktari na kidogo yako hazilingani. Nusu kaputi au ganzi ya mgongo. Nitakaa wodini siku ngapi, nitarudi kazini lini, nitabeba ndoo lini. Bima inalipa nini na hailipi nini. Asiye na bima aende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali kabla ya kulazwa, siyo siku ya kutoka.

Na wewe uende kama masikio. Mdomo uwe wake.

#12 MzeeWaGahawa

"Wanaosha tumbo." Nimeweka kikombe chini.

#13 BintiKitunda

Shikamoo mama. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikajikuta nalia mbele za watu. Ni kweli sijamwuliza. Yaani siku nne tunalala chumba kimoja sijamwuliza. Naenda kumwuliza leo.

#14 Kombamwiko

Msilie bwana, tunaelimishana.

#15 BintiKitunda

MREJESHO. Samahanini kwa kimya cha mwezi na wiki.

Usiku ule nilimwuliza dada. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Akasema, "Pale kitandani uliponiambia wanatoa kizazi, moyo ulishtuka, halafu ukatulia. Kule kutulia ndiko nilikoogopa kukwambia." Hataki kuzaa tena. Hajataka tangu mtoto wa pili, ambaye kumzaa nusura kumuue dada. Alikuwa anashindwa kumwambia mume wake, na nilivyomshusha kwa kelele zile akaona siwezi kumwelewa hata mimi. Mimi nilikuwa napigania kizazi cha mtu ambaye mwenyewe hakihitaji. Nadhani nilikuwa napigania changu, nina miaka 35 na sina mtoto, lakini hilo ni la uzi mwingine.

Alichokuwa anaogopa hasa ni nusu kaputi. Jirani yake alilala hakuamka.

Tulipata rufaa hospitali nyingine. Maswali aliyaandika nyuma ya andalio la somo, kwa mwandiko wa ubaoni, kila swali na nafasi ya jibu. Daktari alikuwa mama wa makamo. Kwanza alicheka kuona daftari, halafu akavuta kiti. Akachora kizazi kwenye karatasi kama pea iliyopinduliwa, akaweka uvimbe mahali ulipo, akachora mayai huku na huku akamwambia haya ni yako, sina sababu ya kuyagusa, unataka yabaki? Dada akasema yabaki. Akamweleza njia zile alizoandika DkBilaKoti, karibu zilezile. Dada akauliza lile la kusubiri. Jibu: una miaka 41, hedhi kukoma huenda ni miaka kumi bado, dawa zinaweza kukushikilia, lakini kwa ukubwa huu na damu hii sidhani utaridhika, jaribu ukitaka, miezi mitatu haikuui ukifuatilia damu. Akauliza la nusu kaputi. Akaambiwa kwa upasuaji wake ganzi ya mgongo inawezekana, atazungumza na mtu wa usingizi mwenyewe, na akazungumza naye siku hiyo hiyo.

Mwisho yule mama akafunga faili akasema, "Mwalimu, nifundishe mimi. Tunafanya nini?" Dada akasimama! Kweli akasimama, akashika ile karatasi, akaeleza kizazi mpaka mayai. Sehemu moja akakosea, alidhani mlango wa kizazi unabaki, akasahihishwa, akarudia. Kutoka nje ananiambia, hivyo ndivyo tunavyofundisha sisi, yule wa kwanza alikuwa anaita mahudhurio tu.

Nilimwuliza kwa nini asitolewe vimbe peke yake. Kasema hawezi kupasuliwa leo, viote, apasuliwe tena akiwa na 46. Darasa la saba lake lina mtihani Septemba. Anataka mara moja, yaishe.

Kwa hiyo amefanyiwa kitu kilekile kilichokuwa kwenye ile fomu niliyogoma. Tofauti mayai yamebaki, na sijui mara ya kwanza yangebaki au la, hakuna aliyeandika. Leo ni siku ya 16. Damu imepanda mpaka 10. Anatembea, anagombana na mama kuhusu uji.

Dada alimwambia mume wake yeye mwenyewe, kabla ya upasuaji, shemeji alipoteremka kutoka Tunduma. Sikuwepo. Najua tu kwamba shemeji alikaa siku mbili hasemi. Siku ya tatu akatuma nauli ya mama aje kuuguza. Bado hajazungumza sana.

#16 MamaPacha

Mpe pole yangu. Asibebe ndoo kabla ya wiki sita, mwambie mimi nilibeba ya nne nikajuta. Na wewe ukifungua ule uzi mwingine nitag.

#17 DkBilaKoti

Andalio la somo. Nimewaonyesha vijana wangu wa mazoezi hii post asubuhi. Mmoja kaniuliza, "Dokta, dakika hizo anazipata wapi?" Nikamwambia nesi wa kliniki anaweza kuchora pea vilevile, mgonjwa akiwa kwenye benchi anasubiri. Saa tatu wanakaa pale wanaangalia televisheni ya tamthilia.

#18 Kombamwiko

Bado nasema kuna watu wanawasumbua madaktari bila sababu. Hilo sibadilishi.

Ila mzee wangu ana tezi dume, wamemwambia apasuliwe, kliniki ni Jumatatu. Nimemwuliza wanatoa nini anasema "wao wanajua". BibiNesi upo?

#19 BibiNesi

Nipo. Mzee mwenyewe yuko karibu yako? Mpe simu.